Mzee alilaumu waya, kumbe ulikuwa mkono wangu

Admin, ficha jina langu kabisa, hata kanisa ninaloenda usitaje. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, mjane, naishi hapa Kisumu kwa nyumba ile ile mzee aliniachia. Naandika na kidole kimoja, mnivumilie. Wenye watanitukana, tukaneni, lakini mkimaliza mnisaidie.

Mume wangu, nitamwita Baba Owino, alikuwa fundi wa umeme kwa kiwanda cha sukari kule Muhoroni, anakuja nyumbani wikendi. Mashine ikiwashinda wengine, yeye ndiye anaitwa. Mungu alitupa kijana mmoja tu, Owino. Alienda kusoma ng'ambo, akaoa huko bila kutuambia. Mzee alisimama mbele ya ndugu zake wote akasema, "Jina la huyo kijana lisitajwe kwangu mpaka aje apige magoti." Nikatii. Kulia nilikuwa nalilia bafuni.

Miaka ya tisini ikielekea kuisha, mzee akanunua kompyuta. Siku hizo intaneti ilikuwa inapita kwa waya wa simu ya nyumba. Kila Jumapili tukitoka kanisani anakula haraka haraka, anajifungia chumba cha wageni. Nikipita kwa mlango nasikia anacheka. Yawa, miaka mingapi sijasikia huyo mtu akicheka! Siku moja nikaweka sikio. "Sogea. Sogea kidogo tu. Eeh, hapo hapo. Sasa leo nakukula!"

Mwanamume wa miaka hamsini na nne, mzee wa kanisa, anamwambia nani maneno hayo?

Simu ya pili ilikuwa chumba chetu cha kulala. Niliinua mkono wa simu nimpigie dada yangu Homa Bay nimlilie. Nikasikia makelele, kriiii, na papo hapo mzee akapiga nduru kule chumba cha wageni, "Aa! Imekatika!" Hapo nikajua, nikiinua simu, intaneti yake inakatika. Nikairudisha polepole. Tangu siku hiyo, kila Jumapili akianza kucheka tu, mimi nainua. Sikumuuliza kitu. Hasira yangu ni ya kunyamaza, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Maskini mzee wangu. Alibadilisha waya wote wa nyumba. Alikwangua viungo vya waya na wembe. Alihamisha friji, akafukuza popo kwa dari, akakata tawi la mti lililokuwa linagusa waya huko nje. Mvua ya ziwani ikinyesha analaumu mvua, jua likiwaka analaumu jua. Mwishowe akaita fundi wa simu. Yule kijana akapima, akasema, "Mzee, laini yako haina shida. Kuna simu nyingine kwa nyumba?"

"Iko chumbani," mzee akasema, "lakini Jumapili mama huwa amelala, amechoka. Si yeye."

Mimi huyo, nawamiminia chai.

Halafu Jumapili moja nikakata, na baada ya hapo sikusikia kicheko tena. Alikuwa anakaa tu mbele ya kompyuta, masaa mawili, masaa matatu. Nikajisemea, huyo malaya ameenda. Miezi minane baadaye presha ikampiga akiwa kazini, akafa.

Owino alikuja mazishi. Tulipobaki wawili jikoni akaniambia, "Mama, ulijua mimi na mzee tulikuwa tunacheza drafti kwa kompyuta kila Jumapili? Tulikubaliana mchezo tu, hakuna maneno. Lakini mimi nikianza kumshinda, anakata. Siku ya mwisho nilimwandikia, ukikata leo usinitafute tena. Akakata."

Drafti! Wawili hao walikuwa wanacheza na vifuniko vya soda kwa veranda tangu mtoto akiwa darasa la pili. Na mtu wa drafti si huwa anakula kete za mwenzake? "Nakukula." Nilikaa chini hapo jikoni nikalia. Owino akadhani ni uchungu wa mume.

Mwezi uliopita nikipanga sanduku la mzee nikapata daftari. Alikuwa anaandika kila ilipokatika, vile mafundi huandika juu ya mashine. "Mvua hakuna. Friji imezimwa. Imekatika saa kumi na robo." Kurasa na kurasa. Karibu na mwisho ameandika, "Mama ameenda mazishi Ahero. Masaa mawili, haijakatika." Jumapili iliyofuata, ya mwisho kwa daftari, "Mama yuko nyumbani. Imekatika." Chini yake maneno mawili peke yake: "Si waya."

Alijua! Miezi minane alikunywa chai yangu, akalala kando yangu, na hakuniuliza. Labda kuniuliza kungemlazimu kutaja jina alilolikataza mwenyewe. Baba Owino, si ungeuliza tu? Hata kunipiga kofi ungenipiga.

Owino anakuja Desemba na familia yake. Nilipomwomba ajengee kaburi la baba yake, maana msalaba umeliwa na mchwa, alinijibu, "Mtu alinikatia mpaka mwisho, mama. Siwezi." Nikimpa daftari, atajua baba yake hakumkatia hata siku moja. Pia atajua ni nani alikata. Na mimi sina mtoto mwingine.

Jana alinipigia. Nilitaka kumwambia, nikaanza, nikashindwa, nikanyamaza.

"Mama? Mama, unanisikia? Mbona kimya?"

"Ni laini, nyathina, mwanangu," nikamwambia. "Laini ni mbaya."

Ndugu zangu, nishaurini. Nimwekee daftari mkononi, ama nizikwe nalo?