Abiria Aliyetandika Vitanda

Sikupanda ile meli kutafuta raha. Nilienda kumchukua mtoto wangu nimrudishe nyumbani. Nasema hili mapema kwa sababu wenzangu wa Kianda, mtaani kwetu Kibera, wananiita Mama Meli mpaka leo, na wanadhani nilikwenda kula maisha. Nilikula, sikatai. Lakini kila kijiko nilichotia mdomoni kilipita juu ya neno moja nililosafiri nalo kutoka Nairobi, na neno lenyewe lilikuwa rudi.

Huyo ni binti yangu, kitindamimba. Wakubwa wake wameoa, wameolewa, wametawanyika. Yeye alipata kazi ya kusafisha vyumba kwenye meli za watalii, akaenda, akawa mtoto wa simu. Baba yake alipofariki alikuja, tukazika Kitui, akarudi kazini kabla maua ya kaburini hayajakauka. Tangu hapo ni nitakuja Krismasi, Mum. Krismasi inakuja, yeye haji. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule kwenye kibanda Kawangware, na kwenye kona ya kibanda nilikuwa nimemwekea cherehani ya pili, nimeifunika isishike vumbi. Mteja akitaka kuketi pale nilikuwa namfukuza. Upweke wa nyumba ya chumba kimoja hauna pa kujificha, na nilikuwa nimechoka kusonga ugali wa mtu mmoja.

Kumbe wafanyakazi wa meli huruhusiwa kuleta mzazi kwa bei ya chini. Aliponiambia hivyo nikaona Mungu amefungua mlango. Meli yenyewe ilikuwa inatoka Dubai, inazunguka miji ya Ghuba kwa wiki moja, inarudi Dubai, inamwaga watu, inabeba wengine, halafu inazunguka tena njia ile ile. Nikapiga hesabu yangu ya kizee: wiki nzima na mtoto wangu ndani ya chombo kimoja, hawezi kukimbia, hawezi kusema network imepotea. Niliwaambia akina mama wa kanisani wabandike chai, nitarudi na mtu.

Sasa hiyo meli. Woi! Dereva aliyenitoa uwanja wa ndege alisimama mbele ya maflati, ghorofa juu ya ghorofa, madirisha mpaka shingo inauma, na mimi nikawa natafuta meli nyuma yake. Akanionyesha kwa kidole. Nikamwambia usinichezee, hiyo ni estate. Ndani kulikuwa na lifti za kioo, maduka, ukumbi wa maonyesho wenye viti vyekundu, na mti mkubwa ndani ya chungu, mti wa kweli, nilibana jani nikahakikisha. Nilishika pindo la kila pazia nililopita, kwa sababu mkono wa fundi haukai kimya, na sikupata hata moja lililoshonwa kwa haraka. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini siku ile niliona mengi mno mpaka kichwa kikaniuma.

Chumbani jambo la kwanza nililofanya ni kufungua bomba. Likatoa maji. Nikajaza sinki, nikajaza chupa, nikasugua ndoo ya takataka nikaijaza pia, maana mtu aliyekaa Kibera haamini bomba. Leo linatoka, kesho umeshika mtungi unapanga foleni ya maji kule Mashimoni. Jamaa wa kusafisha chumba changu akayamwaga. Nikajaza tena. Kesho yake akamwaga tena, akanikunjia uso, nami nikamkunjia wangu. Binti yangu ndiye aliyekuja kutuamua, akicheka mpaka machozi yanamtoka. Akanieleza kwamba meli huvuta maji ya bahari, huyatoa chumvi, huyafanya matamu, na kwamba hayataisha hata nikioga siku nzima. Nilimwangalia nikaona huyu ananifanya mjinga. Alipoondoka nikatokea kwenye kibaraza cha chumba nijionee hayo maji yasiyoisha.

Sijui niseme nini juu ya bahari. Mimi nilizaliwa Ukambani, kule mtu anachimba mchanga wa mto kwa mikono apate kikombe kimoja. Nimezeekea Kibera. Hakuna mahali nilipoandaliwa kwa kitu kile. Yalikuwa maji mpaka pale mbingu inapogusa chini, na nikigeuka upande wa pili, maji tena, na hakuna mtu hata mmoja aliyeyawekea kufuli. Nikashika chuma cha kibaraza. Nikasema kwa sauti, Ngai, Mungu wangu, kumbe ulikuwa na haya yote, na sisi tunasukumana kwenye foleni? Nilikuwa nalia, lakini ilikuwa furaha, ile furaha ambayo ndani yake kuna woga. Nilikaa pale mpaka nikakosa chakula cha mchana.

Watu wengine wote walikuwa wamekuja wawili wawili, au ukoo mzima na watoto. Mimi nilikuwa mmoja. Mezani waliniuliza kama nasubiri mtu, nikasema ndiyo, lakini yuko kazini. Wakadhani nina mume anayefanya kazi kwa kompyuta chumbani, na sikuwasahihisha.

Na kweli nilikuwa nasubiri. Mfanyakazi haruhusiwi kuketi na abiria hivi hivi, hata kama abiria ni mama yake. Lazima aombe ruhusa, na ruhusa yenyewe ni fupi. Nilikuwa nakutana naye koridoni akisukuma toroli la shuka, watu wakiwepo, naye ananiinamishia kichwa na kusema, "Good morning, madam." Mimi! Niliyembeba mgongoni nikishona! Mara ya kwanza nilirudi chumbani nikanuna mpaka jioni. Mara ya pili nilimjibu, "Good morning, my dear," tukapitana tukiuma midomo ili tusicheke.

Alipopata ruhusa alikuja, akaketi kitandani pangu, nikaanza kwa upole kama nilivyojipanga. Nikasema, unajua tangu baba yako aondoke, ile nyumba... Nikageuka kumwangalia, amelala. Amelala na viatu. Nilivivua taratibu, nikaona nyayo zilivyovimba, nikaviweka chini ya kitanda. Ikawa hivyo kila alipokuja. Wiki ikaisha, Dubai ikaonekana tena, na lile neno bado lilikuwa kooni.

Nikamwambia mimi sishuki. Alicheka, kisha akaona sitanii. Ilikuwa mwisho wa msimu na vyumba vingine vilikuwa vitupu, basi akaenda akazungumza na wakubwa wake, nikaongezewa wiki ya pili, na baadaye ya tatu. Ndivyo mshonaji wa Kawangware alivyogeuka abiria wa kuunganisha safari juu ya safari.

Ile siku ya kubadilisha abiria ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Asubuhi meli imejaa kama soko, watu wanaburuta masanduku, watoto wanalia. Ikifika karibu saa sita, kimya. Wote wameshuka, wapya hawajapanda. Sisi wachache tunaobaki tulipewa kadi maalumu, tukaachwa na meli nzima. Nilitembea peke yangu kwenye zulia la korido ambalo mwisho wake sikuuona. Bwawa la kuogelea lilikuwa limetulia, hakuna hata alama ya kidole. Viti vyote vya ule ukumbi wa maonyesho vilikuwa vinaniangalia. Nilihisi nimeingia kanisani siku ambayo si ya ibada, nikajikuta natembea kwa vidole vya miguu.

Huko juu nilimkuta bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye kofia, naye amebaki. Kwa Kiingereza changu cha kununulia vitambaa tulielewana. Alikuwa ameunganisha safari tangu mvua za kwao zianze, wiki baada ya wiki, peke yake. Alisema hapa kuna mtu wa kumuuliza amelalaje, na nyumbani hakuna. Aliuliza kama mimi nina watoto. Nikasema nina mmoja humu humu. Akanishika mkono akasema nimebarikiwa, na moyo wangu ukaniambia bado, ngoja kwanza nimfikishe Nairobi.

Nikateremka kumtafuta. Nikaziona korido za vyumba milango wazi yote, shuka chafu zimerundikwa nje, na yeye katikati. Sikuwa nimewahi kumwona mtoto wangu akifanya kazi. Alikuwa anachukua shuka safi, anairusha hewani mara moja tu, inapiga, inatua sawasawa, pembe zinakunjwa kabla haijamaliza kutulia. Chumba, kingine, kingine. Hakuniona. Nilisimama nyuma ya toroli nikamwangalia kwa mshangao ule ule niliokuwa nao mbele ya bahari, nikajiuliza huyu alitoka tumboni mwangu lini. Halafu nikaogopa, kwa sababu mtu anayefanya kitu namna ile hafanyi kwa kulazimishwa.

Wiki ya pili tulizunguka miji ile ile, na maji hayakufanana siku hata moja. Naye aliendelea kuja na kulala.

Ikafika tena siku ya kubadilisha abiria, nikianza wiki ya tatu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu mama akimtembelea binti yake hangoji aambiwe. Akikuta sufuria anaosha, akikuta kuni hakuna anaenda kutafuta. Mimi nilikuwa nimekaa, nimelishwa, nimeoga maji yasiyoisha, na mtoto amevimba miguu. Haya, aibu gani hiyo? Nikajifunga leso kiunoni, nikashuka, nikaingia chumba alichokuwa bado hajafikia, nikaanza kutoa foronya. Nilikuwa nimetandika vitanda kadhaa, na nilikuwa naimba wimbo wa kanisani, wakati msimamizi wa vyumba alipotokea mlangoni.

Alikuwa mwanamke wa nywele fupi, mpole wa sauti, na upole wenyewe ndio uliotisha. Abiria kushika kazi ya mfanyakazi ni kosa. Mfanyakazi kumtumia abiria ni kosa kubwa zaidi, la kushushwa melini na kurudishwa kwao. Alituita ofisini wote wawili. Binti yangu alisimama wima, mikono nyuma, uso umekauka. Msimamizi akaniuliza polepole nielewe: huyu ndiye aliyekuomba umsaidie?

Nililielewa swali. Nililielewa vizuri sana. Nje ya dirisha ngazi ya kushukia ilikuwa bado imeteremshwa. Ningeitikia kwa kichwa tu, na jioni ile tungekuwa kwenye ndege moja, mimi na yeye, na chai ya akina mama ingenywewa. Hata Mungu sikuwa nimemwomba kwa uwazi hivyo.

Kiingereza kikaniishia. Nikamgeukia binti yangu. "Mwambie hukuniomba," nikasema. "Na utafsiri kila neno, usiruke."

Akatafsiri.

"Mwambie nilipanda hii meli kukuchukua urudi nyumbani."

Aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. "Mum," akasema.

"Tafsiri."

Akatafsiri, sauti imeanza kukwaruza. Msimamizi aliacha kalamu.

"Mwambie akikufukuza leo, hapa hakuna atakayefurahi kuliko mimi. Ndiyo maana mimi ndiye ninayemwomba asikufukuze. Mwambie nimekuona ukifanya kazi."

Binti yangu alilitoa lote, neno kwa neno, akiangalia ukutani, machozi yanashuka na hayafuti. Msimamizi akaniambia abiria hatandiki kitanda kwenye meli hii, na kwamba hataki kunikuta tena na foronya mkononi. Akamgeukia binti yangu akamwambia watu wapya wanapanda baada ya muda mfupi na vyumba bado.

Tulitoka. Koridoni binti yangu aliegemea ukuta.

"Ungesema ndiyo tu," aliniambia. "Tungekuwa kwa ndege leo."

"Najua."

"Mum, mimi sirudi. Si saa hii. Na sijui ni lini."

Hakuwa amewahi kuniambia hivyo. Kila mara ilikuwa Krismasi. Nilimfuta uso na ile leso niliyojifunga, nikamwekea sawa kola yake, ambayo haikuwa na shida yoyote.

"Nimesikia," nikasema. "Enda, vyumba vinakungoja."

Akaenda. Nilibaki nimesimama pale nikisikiliza shuka zikipiga hewani, chumba baada ya chumba, zikienda mbali na mimi, mpaka nikawa sizisikii tena.