Karani wa Miaka Tisa

Mkuu wa utumishi alikuwa mtu wa kupaka nywele piko kila Ijumaa na kuvaa mashati ya kubana, tumbo lisalimu amri lenyewe. Akishawapa mgongo, wafanyakazi walimwita Kijana wa Zamani. Naye hakuwa na huruma kwa wanaokaribia kustaafu. "Wazee wakapumzike," alizoea kusema. "Ofisi si kaburi."

Basi akapelekwa mafunzo ya kompyuta, akarudi kichwa kimemvimba. Akaitisha mkutano wa wafanyakazi wote, mkurugenzi akiwa mbele, akawasha projekta. Lahajedwali lenye tarehe za kila mtu likajaa ukutani.

"Unachukua tarehe ya kuajiriwa, unatoa ya kuzaliwa," akafafanua. "Jawabu linakuja kwa siku, unaligeuza miaka. Utajua kila mtu alianza kazi na umri gani. Hapa hakuna ujanja. Mashine haina shemeji!"

Akaandika fomula, akaiburuta mpaka chini. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Ishirini na nne. Kwenye mstari wake yeye ikasimama tarakimu moja, peke yake kama yatima: tisa.

Kisha mpiga chapa akauliza kwa adabu zote, "Bosi, na kiti ulikifikiaje?"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Jasho likamtoka mkuu, na piko nayo ikaanza kuteremka shavuni.

"Ina virusi hii," akasema. Akafuta, akaandika upya. Tisa.

Mkurugenzi hakucheka. "Tarehe mojawapo ni ya uongo. Kesho uniambie ipi. Ukiniambia ya kuajiriwa, utapoteza angalau miaka tisa ya utumishi, maana hatuajiri wa chini ya kumi na minane, na naibu wako atakuwa amekuzidi, awe mkuu wako. Ukiniambia ya kuzaliwa, muda wako wa kustaafu ulishapita."

Alipofika nyumbani akamweleza mkewe, akitumai kufarijiwa.

"Baba watoto," mkewe akasema bila kuacha kukunja nguo, "mwanetu wa kwanza ana miaka thelathini na minane. Kwa umri wako wa ofisini, ulimzaa ukiwa na kumi na mitatu. Unataka watu waseme niliiba mtoto wa watu?"

Njia mbili zilimshinda fisi. Yeye zilimshinda mpaka asubuhi. Kuitwa mzee kulimchoma. Lakini kubisha hodi kwa naibu, faili kwapani, kuomba ruhusa ya kwenda kuzika? Hilo halikumezeka. Akaingia kwa mkurugenzi, akatazama zulia.

"Ya kuzaliwa," akasema.

Akakabidhi funguo siku ileile. Naibu akamsindikiza hadi mlangoni, akainamisha kichwa na, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akamwamkia kwa sauti ya kusikika korido nzima:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akaitikia, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.