Kiswahili cha Kambini

Chuo chetu kiko kwenye mteremko wa kilima cha Lubaga: majengo matatu, kantini na uwanja wa netiboli. Ni kidogo, lakini mkuu wa chuo hupenda kuwaambia wageni kwamba humu kuna Uganda nzima pamoja na majirani zake. Waganda wenyeji wa hapa wamo, watu wa kaskazini wamo, Wakongomani, Wakenya, Waislamu, Wakristo. Akifika kwa walimu hunishika bega. Sisi ni ukoo wa Kiislamu wa Nateete, wenye maduka tangu zamani, na wazee wetu walikuja na misafara kutoka pwani. "Huyu Kiswahili amezaliwa nacho," husema. Nami niliupenda sana mkono ule begani.

Mwaka mmoja nilikuwa na darasa la wanafunzi kumi na tisa wa ualimu. Wengi walikuwa wanaanza Kiswahili kutoka sifuri, na ukiwauliza swali walitazama madaftari. Mmoja tu ndiye aliyezungumza bila woga. Alikuwa binti wa polisi mstaafu kutoka kaskazini, aliyezaliwa na kukulia kwenye kambi ya polisi, ambako watu wa makabila yote huishi mlango kwa mlango na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Kiswahili chake kilikuwa na mbio na utani. Ngeli hakikuwa nazo.

Asubuhi moja nilimuuliza kazi yake iko wapi.

"Pole, mwalimu. Kitabu yangu ilibaki nyumbani. Nilikuwa nakimbilia taksi, nikaisahau juu ya kitanda."

Darasa zima lilimwelewa. Ningeweza kumsahihisha kwa neno moja tukaendelea. Badala yake nilijinyoosha, nikatoa tumbo mbele, nikakaza sauti kama askari anayesimamisha gari barabarani.

"Kitabu yangu ilibaki! Haya, afande, na leseni yako iko wapi?"

Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Yeye pia alicheka kidogo, akaketi. Tangu siku hiyo jina lake chuoni likawa Afande. Hata mimi nilimwita hivyo, zaidi ya mara moja.

Ukaja mtihani wa kuzungumza. Waliokariri sentensi sita wakazitapika wakiangalia dari, niliwapitisha. Yeye alinisimulia jinsi mama yake alivyouza mboga sokoni Kalerwe, na jinsi alivyogombana na mteja aliyetaka dodo, ule mchicha wa kwetu, bure, mpaka nikajikuta natabasamu na kalamu imesimama. Kisha nikajikumbusha kwamba mimi ni mwenye lugha. Nikahesabu ngeli alizovunja, nikamwangusha.

Wiki iliyofuata baba yake alikuja ofisini. Alikuwa mzee mrefu, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Hakukubali kuketi mpaka nilipomwambia mara ya pili.

"Mwalimu, mimi sikuja kugombana," alisema. "Nakuja kuomba unifundishe. Hii mutoto, Kiswahili ndiyo tunaongea naye tangu anazaliwa. Mama yake kabila yake ingine, mimi ingine. Sasa anaanguka namna gani?"

Nilimweleza habari ya ngeli na lugha sanifu. Nilitumia maneno makubwa kuliko yaliyohitajika, kwa makusudi, na niliona kabisa kwamba hanifuati. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akiizungusha kofia.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Mimi nilikuwa nafikiria nimemupatia kitu."

Alinishukuru, akaondoka.

Jumapili ile nilikwenda Nateete kumwona mama yangu. Alikuwa anamenya matooke barazani, nami nikamsimulia kisa kizima kama kichekesho. Nilimwigiza binti, nikamwigiza na mzee. Mama yangu ni Muganda wa kijijini, aliyeolewa katika ukoo wetu akiwa msichana, na mimi naye huzungumza Kiganda. Hakucheka. Aliendelea kumenya ndizi mbili zaidi.

"Shangazi zako umewahi kunisikia nikisema nao Kiswahili?" aliuliza.

Nilifikiri. Sikuwahi.

"Nilikijua. Baba yako alinifundisha. Lakini wageni wakija, shangazi zako walikuwa wananiita sebuleni niseme maneno ambayo ulimi wangu ulikuwa unayageuza, l kuwa r, ili watu wacheke. Nikaamua kunyamaza."

"Mama, mimi nilidhani hupendi tu maneno mengi."

"Napenda sana maneno," alisema.

Kesho yake nilimwomba mwalimu mwenzangu Mkongomani amsikilize binti upya, na akampitisha bila kusita. Lakini binti alikuwa amekwisha kuhamia somo la historia. Nilimngoja nje ya maktaba, nikamwambia nilimkosea, kwamba nilimdhihaki mbele ya wenzake na kumnyima haki yake. Alinisikiliza akiwa ameshika vitabu kifuani. Alinijibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba amenisamehe na ana kipindi. Hakunisemesha tena Kiswahili. Mara moja nilimkuta kantini akipiga soga kwa Kiswahili na wasichana wa Kongo, kicheko kimepamba moto, lakini nilipokaribia wote waligeukia Kiingereza.

Siku ya mahafali nilimwona baba yake kwenye foleni ya chakula, ndani ya suti ya kijivu, binti yake pembeni na joho. Nilimwendea, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Nikampa hongera, nikamuuliza safari ilikuwaje.

Alinitambua. Akavua kofia. Mtu huyu alikuwa ameamrisha watu kwa Kiswahili maisha yake yote ya kazi, amechumbia kwa Kiswahili, amelea. Alimgeukia binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Ongea wewe na mwalimu. Mimi Kiswahili yangu si nzuri."

"Ni nzuri, mzee," nilisema. "Ni nzuri kabisa."

Alitabasamu jinsi mtu anavyomtabasamia mwalimu, bila kusadiki hata kidogo. Foleni ilisogea. Binti alimshika baba yake kiwiko, akachukua sahani mbili, akaanza kumwonyesha vyakula, na mimi nikabaki nimesimama pale nikiwazuia watu waliokuwa nyuma yao.