Kadija na Mashine Iliyokwenda Zamu

Ukitaka kumwudhi Kadija, msifie mtu mwingine mshono. Si lazima awe mtu anayemjua. Hata ukimsifia fundi wa viatu aliyekufa zamani, Kadija atainua macho kutoka kwenye ngozi yake, akutazame, kisha aseme, "Alikuwa anatia gundi nyingi." Nimeuza uzi, zipu, gundi na sindano mkabala na mlango wake hapa mtaani Lucky Summer kwa miaka mingi, na sijamsikia akisifia mkono wa mtu yeyote, isipokuwa wa baba yake.

Baba yake alikuwa mshona makubadhi kule Majengo, Pumwani. Kadija alikulia chini ya benchi lake akiokota vipande. Shule alisoma ya msingi tu kama mimi, lakini mpe kipande cha ngozi afumbe macho, atakwambia ni ya mbuzi au ya ng'ombe, na kama ilitoka mgongoni au tumboni. Idarusi alipomwoa alikuwa mchuuzi wa mikanda ya bei rahisi, ile inayopasuka ukila ukashiba. Ni Kadija aliyemtoa huko. Alimfundisha kununua ngozi nzuri, yeye akashona mikoba, Idarusi akaipeleka madukani.

Kwa hiyo Idarusi alipooa mke wa pili, Hikma, akampangia nyumba mtaa wa Tassia, sisi majirani tulijua kutakuwa na kilio. Hakukuwa na kilio. Kadija aliuliza swali moja tu. "Anajua kushona?"

Akaambiwa anajua. Hapo ndipo aliposhikwa na hasira.

Sasa, Idarusi ni mtu wa dini, na dini inamtaka awe sawa kwa wake zake. Akinunua unga huku, ananunua na kule. Pazia likibadilishwa Lucky Summer, Tassia nako linabadilishwa. Kwa hiyo mashine kuukuu ya Kadija ilipokufa kabisa, hakuweza kumnunulia mashine moja. Zilibidi ziwe mbili, za aina moja, kutoka stoo moja ya mitumba, siku moja. Mashine mpya mbili zinaweza kuwa sawa. Za mtumba hazitakuwa sawa hata siku moja. Kila moja imeshafanyishwa kazi na watu wake katika kiwanda chake, na inakuja na maradhi iliyoyapata huko. Nilimwambia Idarusi hivyo. Akasema Mungu anajua nia yake.

"Mama Kisilu, twende wote," Kadija akaniambia asubuhi ile. "Nataka shahidi."

Stoo ilikuwa upande wa Baba Dogo. Mashine zimepangwa kama wagonjwa wa zahanati, nyingine hazina meza, nyingine hazina mota. Za ngozi zilikuwa mbili tu, zile ambazo mguu wa juu unatembea pamoja na meno ya chini ili ngozi mbili zisipishane. Moja ilikuwa ya kijivu, rangi imebanduka, meza imelika pembeni. Ya pili ilikuwa imepakwa kijani inayong'aa kama sinia la harusi. Hikma alikuwa ameshafika, amesimama kando ndani ya buibui lake, kimya. Ni msichana mrefu, mpole wa sauti. Upole ule ulimkera Kadija kuliko matusi.

Kadija akaanza kazi. Alizungusha gurudumu la ya kijivu kwa mkono, polepole, shingo ameipinda kama anayesikiliza umbea. Akaishika nguzo ya sindano akaitingisha, haikucheza. Akakiinua kichwa, akapitisha kidole chini, akanusa mafuta. Kisha akatoa vipande viwili vya ngozi kwenye pochi, akavishona bila uzi, akavishika juani atazame matundu. Yalikuwa yamefuatana kama watoto wa madrasa. Na vipande vyote viwili viliishia pamoja, hakuna kilichomzidi mwenzake.

Akafanya hivyo hivyo kwa ya kijani. Akanivuta pembeni.

"Ya kijivu ndiyo mashine," alisema chinichini. "Hiyo nyingine imepakwa rangi hadi ndani ya vichwa vya skrubu. Maana yake aliyeipaka hakuifungua. Anaficha kitu. Na nguzo yake inacheza."

"Basi chukua ya kijivu twende, jua linawaka."

Idarusi akamwita Kadija kwa jina la mwanawe. "Mama Fahim, wewe ndiye mkubwa. Chagua kwanza."

Kadija akafungua kinywa. Wakati uleule Hikma akaweka pochi yake juu ya meza ya mashine ya kijani, akapitisha kidole kwenye ile rangi. "Hii ni nzuri, mashallah," akasema. Hakuwa akimwambia mtu, alijisemea tu.

Niliuona uso wa Kadija ukigeuka.

"Nachukua ya kijani," akasema.

Nikamvuta buibui. "Kadija, umeniambia nini sasa hivi?"

"Nimesema ya kijani."

Idarusi akafurahi, maana aliona ameepuka ugomvi. Hikma akaondoa pochi yake, akaiweka juu ya ile ya kijivu. Kwenye pikapu, tukiwa tumebanana na ile mashine ya kijani, nilimuuliza Kadija kama amerogwa.

"Aitamani mbele ya macho yangu, halafu mimi niende nyumbani na lile chuma lililobanduka?" akasema. "Tayari ninapewa nusu ya mume, Mama Kisilu. Nipewe na mashine mbaya?"

"Lakini mbaya ndiyo hii."

"Haionekani kuwa mbaya."

Haikuchukua muda. Mashine ya kijani ilikuwa inashona vizuri ikitaka, na isipotaka inaruka. Unaona mshono, mshono, kisha pengo, kama kinywa cha mzee. Fundi wetu wa mashine, Kimeu, aliifungua, akatikisa kichwa. Nguzo ya sindano na kile kishimo inamopita vilikuwa vimelika. "Inacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza," akasema. Akaikaza kadiri alivyoweza, akamwonya asiikimbize. Kumwambia Kadija asiikimbize mashine ni kumwambia asipumue.

Mikoba yake yote ilikuwa ikienda Eastleigh kwa Ambaro, mama mwenye duka ambaye hutazama mshono kwa kupitisha ukucha juu yake. Siku moja Ambaro alifika mwenyewe, na mkoba mkononi.

"Kadija, mkono wako unaumwa?"

"Mkono wangu hauna neno."

"Basi ni nini hiki?" Ukucha ukapita, ukaingia kwenye pengo. "Ile ya Tassia imekuja safi. Kama umechoka, niambie, nitampa yule dada kazi yote. Kwangu ni mamoja, pesa zinaingia nyumba moja."

Ambaro hakukusudia ubaya. Ni mfanyabiashara, na kwa mfanyabiashara nyumba mbili za mume mmoja ni nyumba moja. Lakini lile neno lilimwingia Kadija mahali ambapo hakuna fundi anayeweza kufika. Ambaro alipoondoka, Kadija aliukata ule mkoba vipande kwa kisu cha ngozi, taratibu, vipande sawasawa kabisa. Hata kwa hasira mkono wake hauendi upogo.

Jioni Idarusi alipofika, mimi nikiwa bado nimekaa pale, Kadija hakumpa hata maji.

"Idarusi, huu ni uadilifu gani? Mwenzangu ana mashine, mimi nina rangi."

"Wewe ndiye uliyechagua, Mama Fahim. Mama Kisilu yupo hapa, alikuwepo."

"Mimi simo," nikasema.

"Nilichagua mashine, sikuchagua dhuluma," akasema Kadija. "Wewe mwenyewe unakwenda kwa zamu, wiki kwangu, wiki kwake. Na ile mashine ya kijivu iende kwa zamu. Wiki yangu ije na wewe."

Nilidhani Idarusi atacheka. Hakucheka. Alifikiri, akakuna kidevu, akaona ni haki. Hayo ndiyo matatizo ya mtu anayetaka haki kuliko akili.

Basi ikawa hivyo. Kila zamu ya Kadija ilipofika, pikapu ilitoka Tassia na Idarusi mbele na mashine ya kijivu nyuma, na ile ya kijani ikarudishwa kule. Majirani walitoka kutazama. Kadija alikuwa akienda kuipokea mashine kwanza, anaipangusa uso kwa kanga, anaulizia kama imegongwa, huku mume amesimama na mfuko wake wa nguo kama mgeni. Siku moja Idarusi aliniambia, "Mama Kisilu, angalau hiyo inasalimiwa."

Vita vikahamia ndani ya mashine. Kadija aliikuta imetiwa sindano butu ya kitambaa, na uzi umekazwa kupita kiasi. Nani alianza, siwezi kuapa. Najua tu kwamba Kadija alinunua kwangu sindano mpya ya ngozi kila mashine ilipofika, na ilipoondoka sindano ile ilibaki mezani kwake imechomekwa kwenye kipande cha sabuni.

Wakati wote huo hakuna aliyeifikiria mashine yenyewe. Mashine ya kiwandani haikuumbwa kutembea. Inataka ikae mahali pamoja, miguu ya meza imetulizwa, mafuta yake yamelala kwenye sinia chini ya kichwa. Wao walikuwa wakiking'oa kichwa, wanakilaza chali kati ya magunia, kinapigwa na kila tuta la barabarani, na mafuta yanamwagika njia nzima. Nikamwambia Kadija.

"Kama imechoka kusafiri," akanijibu, "ikae kwangu ipumzike."

Ikafika asubuhi aliyokuwa amepania. Ambaro alikuwa na wateja wa harusi na alitaka mikoba haraka, na alikuwa amesema wazi kwamba atakayeileta safi ndiye atakayebaki na kazi. Mashine ya kijivu ilikuwa imefika jana yake. Kadija akatia sindano mpya, akatia uzi, akakanyaga. Nilikuwa dukani kwangu, nikasikia kishindo kile ng'ambo ya njia, kama kijiko kimeanguka ndani ya blenda. Nikakimbia. Sindano ilikuwa imevunjika na kipande kimemchana shavu, na yeye amekaa vilevile, mguu bado uko kwenye kanyagio.

Kimeu akaifungua, akapitisha kidole chini ya kichwa. Sinia la mafuta lilikuwa kavu. Kile kindoano cha chini kinachoupokea uzi kilikuwa kimehama, sindano ikishuka inakipiga badala ya kupishana nacho.

"Mama, hii imebebwabebwa?" akauliza.

Kadija akatazama ukuta. Nikamjibu mimi.

"Wah." Kimeu akajifuta mikono. "Hii mashine haikuuliwa na kazi. Imeuliwa na barabara. Naweza kuirudisha. Lakini nikishaiweka sawa, ikibebwa tena hata mpaka pale geti, msinipigie simu."

Mahali itakapotengenezwa ndipo itakapokaa. Na ilikuwa Lucky Summer. Niliuona mwanga ukiingia usoni mwa Kadija, na ile damu bado haijakauka.

Idarusi akauzima. "Sawa, itakaa hapa. Lakini haki ya Hikma haifutwi na fundi. Ikikaa hapa, Hikma atakuja kushona hapa, na ya kijani italetwa hapa. Hutaki, Kimeu aipeleke Tassia aitengenezee huko, na wewe ndiye uwe unakwenda."

Mtaa mzima ulikuwa umemsikia Kadija akiapa kwamba siku Hikma atakapovuka kizingiti chake, yeye atatoka kwa kuruka dirisha. Akakaa kwenye kiti chake akiitazama ile mashine iliyofunguliwa, vyuma vyake vimepangwa juu ya gazeti. Kimeu akasubiri. Idarusi akasubiri.

"Wewe ungefanyaje, Mama Kisilu?"

"Mimi ningemuuza mume nibaki na mashine."

Hakucheka. Alikigusa kile kichwa cha kijivu pale palipobanduka, pale ambapo mkono wake ulikigusa siku ya kwanza kule stoo.

"Aje," akasema. "Lakini akae upande wa mlangoni."

Hikma akaja. Kila asubuhi anapanda matatu kutoka Tassia na thamosi yake ya chai, anasalimia, "Asalaam aleikum, dada Kadija," anajibiwa kwa nusu ya pumzi, anakaa mlangoni kwenye ile ya kijani, na zamu yake ya kijivu haidai. Wamepeana migongo. Mashine ya kijivu imepona kabisa. Mikoba ya harusi ilikwenda, ukucha wa Ambaro ukapita bila kukwama, na kazi ikabaki kwenye chumba kile. Kadija alipata alichotaka. Wiki ile hata alinisalimia kwanza.

Halafu juzi nikampelekea uzi. Nikakaa kidogo kupumzika. Hikma alikuwa anashona zipu, na ile mashine ya kijani iliyokuwa ikiruka kama mbuzi ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Kadija akapunguza mwendo wa yake. Kisha akaacha kabisa, akageuka.

"Hiyo umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, dada. Naitia mafuta asubuhi kabla sijavua buibui. Nimeipa uzi mwembamba, naishona polepole."

"Lete nione." Kadija akaunyakua mkoba, akapitisha ukucha kwenye zipu, mwanzo hadi mwisho. Nilisubiri aseme gundi ni nyingi. Hakusema.

"Hebu inuka," akasema. "Nijaribu kidogo."

Hikma akainuka. Kadija akakaa, akazungusha gurudumu kwa mkono, shingo ameipinda, anasikiliza. Hikma naye, asibaki bure, akaenda akakaa kwenye ya kijivu, akashika gurudumu.

"Usiiguse hiyo," Kadija akasema bila kugeuka. "Hiyo ni yangu."

"Na hiyo uliyokalia?"

"Hii niliichagua mwenyewe, mbele ya shahidi."

Hikma akasimama katikati ya chumba, kikombe cha thamosi mkononi, akanitazama mimi. Nikamsogezea kiti changu, nikarudi dukani.