Shati Mbele ya Hakimu

Mume wangu alikutwa amekufa kando ya reli, kati ya Voi na Maungu, Jumapili asubuhi. Alikuwa kibarua wa reli, katika gengi la kukaza misumari na kupanga kokoto. Polisi waliandika kwamba alilewa, akalala relini, treni ikamgonga. Tulimzika kwetu, mlimani Sagalla. Watu waliokuja matangani walikuwa wamekwisha kusikia habari ya ulevi kabla hawajanipa pole.

Baadaye faili ilifika kwa hakimu wa Voi, naye akatuita. Karani alitueleza kwamba siku hiyo hashtakiwi mtu. Kifo cha namna ile, serikali haiwaachii polisi peke yao. Hakimu huangalia walichunguza nini na walichunguzaje. Mimi niliishia darasa la nne. Nilichoelewa ni kwamba neno la ulevi lingeweza kufutwa, na labda tungejua alikufaje. Nilitaka hayo mawili tu.

Hakimu alikuwa kijana, mpole wa sauti. Alimwuliza koplo alijuaje kwamba marehemu alikuwa amelewa.

"Shati lilinuka pombe, mheshimiwa."

"Liko wapi?"

"Niliwaachia jamaa zake."

Mama mkwe wangu akasimama bila kuitwa. "Nililifua, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

"Ulitaka nimpe ndugu yake nguo chafu ya marehemu?"

Watu walicheka. Kwetu nguo za marehemu hufuliwa, matanga yakiisha wanagawiwa ndugu zake. Shati lile lilimwangukia shemeji yangu, naye alikuwa amelivaa palepale, limepigwa pasi, chini ya koti. Niliwahi kuomba niachiwe mimi. Wakaniambia mjane hana haja ya shati la kiume.

"Keti, mama, sikulaumu," hakimu akasema. "Namwuliza koplo kwa nini hakulichukua."

Shemeji akaambiwa avue koti ageuke. Mgongoni, chini ya bega, palikuwa na mshono mfupi ulionyooka, uzi mweupe juu ya kitambaa cha kaki.

"Hapa palikuwaje?"

"Palipasuka kidogo, nikashona," mama mkwe akajibu. "Angevaaje shati lenye tundu?"

Hakimu akamwuliza koplo kama alimgeuza maiti. Alimkuta amelala chali, akasema, hakumgeuza. Daktari je? Daktari alikuwa amesafiri. Wazee wetu waliomwosha waliona majeraha mengi, wakadhani yote ni ya treni.

Kisha nikaitwa mimi. "Mume wako alikuwa mlevi?"

Shemeji alinikazia macho. Nilijua anataka niseme nini, na mimi nilitaka kusema hivyohivyo.

"Zamani alikunywa sana," nikasema. "Aliacha alipookoka. Jumamosi ile usiku sijui, sikuwa naye."

Nyuma yangu nikasikia mama mkwe akiguna. Hakimu aliandika kwa muda, halafu akamgeukia koplo. "Hata kama alikunywa, pombe haitoboi shati mgongoni."

Akaamua kwamba ulevi haukuthibitishwa, wala treni haikuthibitishwa. Faili irudi polisi, uchunguzi uanze upya, na shati libaki kortini. Shemeji alipanda mlima amevaa koti bila shati, akilalamika njia nzima. "Shemeji, kinywa chako! Ungesema hapana tu, basi!"

"Ningesemaje nisilolijua?"

"Ndugu yangu angekusamehe."

Labda angenisamehe. Lakini angenitania kwa hilo mpaka tuzeeke, na utani huo ndio nilioukosa nilipomsikia shemeji akisema vile. Nililia kimyakimya nyuma yake mpaka tukafika.

Hakimu alihamishwa kabla mvua hazijanyesha. Koplo naye akahamishwa. Kila niliposhuka Voi kuuza pojo nilipita kituoni, na kila aliyekuwa kaunta aliniuliza jina la marehemu, akaingia ndani, akatoka. "Mama, bado tunachunguza."

Safari moja askari mgeni, kijana wa bara, alinivutia kiti. "Mama, hasa unataka tukufanyie nini?"

"Nataka mtu aniulize," nikamwambia.

Hakuelewa, akaniletea chai. Sikumlaumu. Lakini hakimu aliniuliza juu ya pombe tu, na kabla yake na baada yake hakuna askari aliyepanda Sagalla kuniuliza mume wangu aliondokaje nyumbani Jumamosi ile. Ningemwambia aliondoka jua likiwa bado juu, amenyoa ndevu. Aliitwa na mtu aliyesimama nje ya boma asiingie ndani; mume wangu alisema ni mwenzake wa gengi, nami nilisikia sauti tu, nisimwone. Na ningemwambia alichosema akitoka, ingawa hakifai kitu kwa polisi: kwamba mboga nisizimalize, atarudi na njaa.