Diski ya Pwani Yagoma Tabora

Juzi, katika ofisi moja hapa Tabora, nilimkuta mwalimu wa kwaya, Mnyamwezi, kashika kichwa. Nyimbo za Pasaka zilichapwa Dar es Salaam kwenye diski, Pasaka ni Jumapili, na kompyuta ya hapa imekataa kuisoma. Mimi, msafiri mkubwa, nikashauri diski igeuzwe chini juu. Ushauri wangu ukawekwa kando.

Fundi Mzaramo, aliyekuja na kompyuta yake kwa treni kutoka Dar es Salaam, akaziunganisha mashine kwa waya: yake isome, ya Tabora iandike.

“Diski ya Pwani hiyo, imezoea kulala!” mwalimu akamchokoza, maana Wanyamwezi na Wazaramo ni watani.

“Tulia, ndugu mpagazi! Babu zako walibeba mizigo ya misafara, leo mzigo wako nabeba mimi.”

Maneno yakaanza kujipanga kwenye kioo. Mwalimu akaimba ubeti mzima, akamkumbatia mtani wake.

“Nyimbo zimefika zote?” akauliza.

“Zote.”

“Basi leo umesahau kuiba, Mzaramo wewe!”

Nimezunguka nchi nyingi. Shukrani tamu namna hiyo sijaisikia.