Roshani ya Vioo

Mtaani kwetu mume wangu hana jina. Wanamwita Bwana Hewa, na mimi nikiwa nimekasirika namwita hivyo hivyo. Ni fundi wa boila za gesi, yale masanduku meupe ya ukutani yanayopasha maji na kusambaza joto vyumbani wakati wa baridi. Lakini ukimwuliza kazi yake, habari za moto hakuambii. Atakwambia, "Moto kila mtu anaujua. Mimi kazi yangu ni kuuliza hewa inaingia wapi na moshi unatoka wapi."

Na kweli huuliza, tena popote. Tulialikwa chakula kwa bosi wangu, watu wazima tumekaa kwa adabu, yeye akainuka akaenda kupapasa ukuta nyuma ya pazia, akitafuta tundu la hewa. Akalikuta limezibwa kwa gazeti. Akalitoa lile gazeti, akalikunja vizuri, akamkabidhi mwenye nyumba. Nilitamani ardhi inimeze. Tulikula huku baridi ikitupenya migongoni, na hatukualikwa tena.

Ni mtu wa wasiwasi, lakini wasiwasi wake una sababu. Alipokuwa bado anajifunza kazi, aliingia na mwalimu wake nyumba moja wakakuta mume na mke wamelala, wamejifunika blanketi mpaka kidevuni, na hawakuamka tena. Boila yao ilikuwa inakosa hewa. Moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. "Mwizi afadhali," husema, "mwizi hugonga kitu gizani ukamsikia." Tangu siku hiyo hajawahi kulala hotelini bila kunusa pembe zote nne za chumba, ingawa yeye mwenyewe anajua kwamba kunusa hakusaidii kitu.

Boila za siku hizi anazipenda kuliko anavyonipenda mimi. Zinakamua joto kwenye moshi mpaka moshi wenyewe unatoka umepoa, mweupe, umejaa maji. Bomba lake ni bomba ndani ya bomba, kama mkono ndani ya shati pana: la ndani hutoa moshi, na ile nafasi inayobaki pembeni huingiza hewa safi ya kulisha moto. Bomba hulazwa kwa mwinamo mdogo kurudi ndani, ili maji ya moshi yarejee kwenye boila na kushuka kwenye mfereji wake badala ya kumdondokea mpita njia. Na mdomo wake lazima utokeze mahali pa wazi, panapopita upepo. Hayo nimeyasikia mpaka nikiwa usingizini naweza kukufundisha.

Boila ya mama mkwe aliifunga mwenyewe, kwa mikono yake. Mama anaishi peke yake ghorofani, upande wa pili wa mji. Boila iko jikoni, na bomba lilipenya ukuta likatokea kwenye roshani iliyokuwa wazi, nguzo na kizuizi tu cha kukuzuia usianguke. Mume wangu aliipima, akaipima tena, akaridhika. Alimwekea mama na king'ora kidogo ukutani, cha kulia sumu ikizidi. Akaaga. Halafu ikaja baridi, na wakati wa baridi ndipo watu hukumbuka kwamba wana boila. Simu haikukoma. Kila mama wa mji ule alikuwa na fundi isipokuwa mama yake. Mganga hajigangi, wala hagangi wa kwao.

Ana mdogo wake, shemeji yangu, fundi wa madirisha ya alumini. Hawa ndugu wawili wanapendana na wanachokozana tangu utotoni. Shemeji huwaambia wateja wake, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," na kaka yake humjibu, "Ukiziba bila kuuliza utachimba kaburi." Mmoja anauza matundu, mwingine anauza kuziba matundu. Siku za kukutana familia nzima sisi wengine tulikuwa tunacheka tu.

Jumamosi moja asubuhi mume wangu alikuwa nyumbani, ajabu, amekaa mezani anafungua feni ya mteja kwa bisibisi. Simu yangu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mko wazima?"

"Wazima. Vipi wewe?"

"Kichwa tu. Kichwa na usingizi, nikikaa nasinzia. Uzee huu. Lakini sikiliza, nina siri, usimwambie mumeo mpaka aje aone mwenyewe. Mdogo wake amenijengea vioo roshani nzima. Joto, mwanangu! Nakaa mle kama malkia. Ila vioo vyenyewe vinalia, maji yanatiririka kutwa."

"Labda kwa kuwa ni vipya, mama."

"Labda. Na kile kidude cha mumeo cha ukutani kimeharibika, kilikuwa kinanipigia kelele bila sababu. Nimekitoa betri. Haya, acha nijilaze kidogo kwenye kiti changu."

Nikakata simu nikicheka. Mimi kutunza siri ni kuteka maji kwa ungo, hata mama analijua hilo. Nadhani ndiyo maana aliniambia mimi. "Mama yako siku hizi ni malkia," nikamwambia mume wangu, nikamhadithia yote, roshani, vioo, kichwa, kidude.

Akaiweka bisibisi mezani taratibu.

"Vioo vinalia?"

"Vinalia."

"Roshani nzima? Hakuna pembe iliyoachwa wazi?"

"Kazi ya mdogo wako ile. Hata mbu hapiti."

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alikuwa tayari anapiga simu. Ikaita, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Akapiga tena. Mimi nikapiga kwa simu yangu, kama vile mama angepokea yangu na kuiacha yake. Ndipo nilipoelewa.

Tulishuka mbio. Ndani ya gari lake la kazi, vyuma vikigongana nyuma, nilipiga simu kuita gari la wagonjwa, nikaeleza mahali, nikarudia mara mbili maana sauti yangu haikueleweka. Yeye alikuwa ameshampata mdogo wake, simu ikiwa kwenye spika. Kulikuwa na mlio wa mashine huko.

"Uko wapi?"

"Kazini, kaka, nje ya mji. Kuna nini?"

"Ufunguo wa mama unao?"

"Ninao hapa. Kaka, kuna nini?"

"Umelifungia bomba la boila ndani ya vioo!"

Mashine ikanyamaza. Kisha tukasikia mlango wa gari ukibamizwa, na simu ikakatika. Alikuwa mbali kuliko sisi, na ufunguo alikuwa nao yeye.

Mume wangu aliendesha akiongea peke yake. "Bomba linatema moshi mle. Halafu linavuta hewa mle mle. Linavuta moshi wake lenyewe, moto unakosa pumzi, sumu inazidi. Na mama amekaa katikati yake." Kisha anaanza tena mwanzo. Taa ikawa nyekundu, akapiga usukani kwa kiganja. Mimi niliendelea kupiga simu. Pokea mama, nilisema moyoni, pokea unitukane, niambie nakusumbua. Niliogopa, nasema wazi. Na pamoja na woga nilikuwa na hasira naye. Nilifikiria majiko yote ya watu aliyoyakagua baridi ile, matundu yote aliyoyazibua, nikabonyeza tena namba ya mama.

Tulipofika tuliiona kutoka chini. Roshani ilikuwa nyeupe tupu, mvuke umejaa mpaka huwezi kuona ndani, isipokuwa kivuli kimoja karibu na kioo, chini kidogo, kama kichwa cha mtu aliyeinama. Alichukua mtaimbo nyuma ya gari, tukapanda ngazi. Mlango umefungwa. "Mama! Mama!" Jirani akatoka na taulo begani, akauliza kulikoni, hakuna aliyemjibu. Mume wangu aliupenyeza mtaimbo kwenye mwimo, mlango ukalia, ukaachia.

Lililonitisha ni jinsi nyumba ilivyokuwa nzuri. Joto la kupendeza, sakafu imepigwa deki, harufu ya sabuni. Hakuna kilichokuonya. Nikainua mguu kuingia, akanisukuma kifuani.

"Usiingie! Tukianguka wote nani atatutoa? Ile koki ya gesi pale nje kwenye korido, izungushe mpaka mwisho."

Akavuta pumzi ndefu, akaibana, akaingia mbio. Niliizungusha ile koki kwa mikono yote miwili, jirani akinishikilia bila kujua ananishikilia kwa nini. Nikasikia kioo kikipasuka, kimoja, kisha kingine, na vipande vikishuka barabarani na watu wakipiga kelele huko chini. Halafu kimya. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Nilisema nikifika kumi naingia, na iwe iwavyo. Sikufika.

Alitoka amembeba mama mikononi, miguu yake ikining'inia, kiatu kimoja kimebaki ndani. Tulimshusha wote watatu mpaka nje kwenye hewa, tukamlaza ubavu. Uso wake ulikuwa umetulia mno. Mume wangu alipiga magoti akamwekea sikio puani, na mtu yule ambaye hanyamazi kuuliza habari za hewa alikaa hivyo kimya kabisa.

"Anapumua," alisema. "Kidogo."

Gari la wagonjwa lilipofika, wakamvalisha kifuniko cha oksijeni. Tulisimama pale tukikitazama kile kifuniko kikiingia ukungu na kutoka, kikiingia na kutoka. Kisha mama akakunja uso, akajigeuza, wakamtoa kifuniko haraka, akatapika juu ya viatu vya mwanawe. Sijawahi kufurahia matapishi kama siku ile.

Hospitali walimweka kwenye oksijeni mpaka jioni. Shemeji alikuja na vumbi la alumini kichwani, akakaa sakafuni ukumbini, hakutaka kiti. "Nimemuua mama yangu," alikuwa anasema, ingawa tulikuwa tumeshamwambia yu hai. Nilingojea kaka yake ammwagie matusi, alikuwa na haki. Badala yake alikaa sakafuni karibu naye.

"Bomba uliliona?"

"Nililiona, kaka. Nikaona linatoa mvuke baridi, nikasema huu si moshi, ni maji tu. Nikalizungushia gundi ya silikoni vizuri lisivujishe."

"Vizuri," alisema mume wangu, na wote wawili wakaanza kulia kama watoto, mimi nikaenda kutafuta chai.

Jioni daktari aliruhusu tuingie. Mama alikuwa ameinuliwa mto, macho mekundu, sauti ya kukwaruza. Jambo la kwanza aliuliza nani atalipia mlango. Kisha akawatazama wanawe, mmoja kila upande.

"Msigombane," alisema. "Mimi ndiye niliyeomba vioo."

"Roshani ya nini, mama, na baridi yote hii?" mume wangu alimwuliza. "Una sebule nzima ya kukaa."

"Sebuleni barabara haionekani." Alipumzika kidogo. "Wewe si unapita pale na gari lako? Asubuhi unaenda kwa wateja, jioni unarudi. Ngazi juu ya gari, naijua hata ikiwa mbali. Baridi ilipoingia nikashindwa kusimama nje, nikamwambia mdogo wako anizibie upepo, niwe nakuona ukipita."

Mume wangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda.

"Nilikuwa nakupungia mkono," mama aliendelea. "Kila siku nakupungia. Nikajua hunioni kwa sababu ya yale maji kwenye vioo."

Nilimtazama mume wangu. Alipita chini ya roshani ile baridi nzima, na vioo vyote vile vipya juu ya kichwa chake, na hakuwahi kuinua macho.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni yale maji."